Kumngoja Punda Azae

Si kila nyumba ina punda, wala sidhani kuwa kila asomaye ukurasa huu amewahi kumtazama punda jike mwenye mimba muda wa kutosha hata akajua lipi ni la desturi na lipi ni la hatari. Lakini sisi watu wa Lamu, ambao vichochoro vyetu havipitishi gari, hatuna msaidizi aliye karibu na riziki zetu kuliko mnyama huyu. Mawe ya matumbawe yaletwayo kwa mashua kutoka Manda, mchanga, chokaa, boriti, magunia ya unga: vyote hupanda kutoka pwani vikiwa juu ya mgongo wake. Nyumba ikijengwa, punda ndiye aliyeibeba kwanza. Kwa hivyo nimeona si vibaya kueleza namna tulivyojitayarisha nyumbani kwetu, mwaka wa 2019, kumpokea mtoto wa punda wetu. Maana jambo hili wengi huliona dogo.

Kwanza ijulikane kwamba mimba ya punda ni ndefu. Mwanamke huchukua miezi 9. Punda huchukua yapata miezi 12, na wengine hufikia 13 au hata 14 bila ya kuwa na ila yoyote. Tena huzaa mtoto mmoja. Mapacha ni nadra, na wakitokea aghalabu hawaishi. Basi mwenye kupoteza mimba moja amepoteza mwaka mzima na zaidi, na hana njia ya kuufidia.

Mwaka ule jambo hili lilikuwa zito kuliko kawaida. Tangu mwaka wa 2016 yalikuwa yamefunguliwa machinjio ya punda huko bara, kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China kuchemshwa gundi iitwayo ejiao, ambayo hutumiwa huko kama dawa. Hesabu ya serikali ya mwaka wa 2009 ilikuta punda zaidi ya milioni 1.8 katika Kenya. Hesabu ya 2019 ilikuta kama milioni 1.2 tu. Mnyama azaaye mmoja kwa mwaka hawezi kushindana na kisu kichinjacho kila siku. Serikali ilipiga marufuku machinjo hayo Februari 2020, mahakama ikaitangua marufuku mwaka wa 2021, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara ya ngozi katika bara zima. Lakini haya ya mwisho sisi hatukuyajua wakati ule. Tulilolijua ni kwamba bei ya punda ilikuwa ikipanda, na kwamba mtu mmoja mgeni alikuja mlangoni akatoa bei iliyopita mara mbili ya ile tuliyomnunulia, naye mimba yake imekwisha kuonekana.

Sitaficha kwamba fedha ile ilitutazama usoni. Ada za shule zilikuwa zimekaribia. Watu wa nyumbani walikaa nami baada ya chakula cha usiku, tukahesabu: akiuzwa, tunapata hivi leo, akikaa, hapati kitu kwa miezi mingi, kwani punda mwenye mimba pevu haimpasi kubebeshwa mawe. Mama watoto ndiye aliyekata shauri. Alisema, “Huyu amebeba kuta za nyumba hii, hatutamwuza akiwa amebeba mtoto wake.” Nami nikamjibu yule mgeni asubuhi kwamba hauzwi.

Kisha likaja la pili, gumu kuliko la kwanza, maana mgeni huja mara moja lakini kazi huja kila siku. Msimamizi mmoja wa ujenzi alitaka mchanga upelekwe Langoni kabla ya mwezi kwisha, akaniambia kuwa safari mbili tatu hazitamdhuru punda. Wenye punda wengi husema hivyo, na huwatia shogi mpaka wiki ya mwisho. Mimi naona kwamba mtu akitaka faida ya mtoto na faida ya mgongo kwa wakati mmoja, huenda akakosa yote mawili. Tuliivua shogi miezi mitatu kabla ya siku tuliyoikisia, tukaitundika ukutani, na kazi tukaifanya na punda wetu wa pili peke yake, nusu ya mizigo ya zamani. Mwenye kujenga alitafuta mwingine.

Nimesema “siku tuliyoikisia”, kwa kuwa punda wa mji huu hutembea wenyewe jioni, na siku aliyopandwa hakuna aliyeiandika. Ami yangu, ambaye alifuga punda kabla mimi sijazaliwa, alimpapasa tumbo akasema, “Mwanangu, usihesabu miezi, hesabu dalili.”

Basi tukaanza na chakula. Hapa watu wema hukosea kwa huruma. Mmoja humjaza mahindi na pumba, akidhani anamlisha mtoto aliye tumboni, mpaka punda akanenepa shingo na ubavu. Mwingine akiona amenenepa humkatia chakula ghafula. Hili la pili ndilo baya kabisa. Punda asipokula, mwili wake huyayusha mafuta yake na kuyamimina katika damu kwa wingi, mpaka ini likashindwa, naye akafa kwa siku chache. Na hatari hii huwa kubwa zaidi katika miezi ya mwisho ya mimba. Huzuni pia humzuia kula. Punda aliyezoea mwenzake akitengwa naye hususa, kwa hivyo yule wa pili tulimwacha alale upande wa pili wa kiambaza kifupi, ambapo waliweza kugusana pua. Majani makavu yalikuwa mbele yake mchana na usiku, pumba kidogo tu, na maji safi. Hatukumwacha tena kuzurura majaani. Ijapokuwa mifuko ya plastiki ilikatazwa nchini tangu mwaka wa 2017, iliyobaki ardhini bado humezwa na wanyama, ikawaziba matumbo.

Baadaye tulimpeleka zahanati ya punda, ile iliyofunguliwa hapa mjini mwaka wa 1987 na shirika la Kiingereza, akachanjwa pepopunda. Msomaji na aliangalie jina lenyewe. Wazee wetu waliutaja ugonjwa huu kwa mnyama huyu, na matabibu nao wanakiri kuwa farasi na punda hudhurika nao kwa wepesi sana. Viini vyake hukaa katika udongo na samadi, ndipo hasa mtoto anapoangukia na kitovu chake kibichi. Chanjo apewayo mama mwezi mmoja hivi kabla ya kuzaa humfikia mtoto kwa njia ya maziwa ya kwanza, kama nitakavyoeleza.

Wiki tatu zikapita. Kiwele kikaanza kujaa, asubuhi kikubwa na jioni kimepungua, kisha kikakaa vile vile kimejaa. Misuli ya pande mbili za mkia ikalegea ikawa kama imebonyea. Tumbo likashuka. Mke wangu alifagia banda, akamwaga mchanga mkavu na juu yake majani mengi, akaweka ndani ya kikapu taa, sabuni, vitambaa vilivyochemshwa, chupa ya iodini na saa ya mkononi. Watoto walikatazwa kuleta rafiki zao, kwa maana punda jike hupenda kuzaa pasipo macho ya watu, na akiona makelele huweza kujizuia. Nimesoma kwamba huko Marekani wako farasi wafupi sana, ambao kimo chao hakitakiwi kuzidi inchi 34, na wenyewe hukesha nao usiku baada ya usiku, kwani mara nyingi kichwa cha mtoto huwa kikubwa kuliko njia ya mama. Wa kwetu si wadogo kiasi hicho, walakini tulikesha vile vile, kwa zamu.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, chuchu zilikuwa na matone yaliyoganda kama nta. Si punda wote waonyeshao dalili hii, lakini ikionekana, mara nyingi kuzaa hakupiti siku mbili tatu. Saa nne akaanza kuzunguka, kulala na kuinuka, kugeuza kichwa akilitazama tumbo lake. Nikamwita ami. Alikuja na kikoi chake begani, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, asiseme neno. Nilipotaka kuingia bandani alinishika mkono. “Punda hazalishwi, mwanangu. Hutazamwa akazaa.”

Chupa ilipasuka saa saba kasorobo, na mama watoto akaanza kuhesabu dakika. Hapa ndipo ilipo hatari yenyewe. Ng'ombe huweza kuchukua saa kadhaa, lakini punda na farasi wakianza kusukuma kwa nguvu, mtoto hutakiwa awe nje kwa muda wa nusu saa hivi. Ukizidi, hukosa pumzi. Kwanza hutokea ngozi nyembamba nyeupe, na hiyo ni heri. Kikitokea kitu chekundu kama mahameli, kondo limebanduka kabla ya wakati wake, nayo haina budi kupasuliwa papo hapo, bila ya kumngoja tabibu. Tuliona nyeupe, tukamshukuru Mungu. Kisha inatakiwa ionekane miguu miwili ya mbele, mmoja ukitangulia kidogo, kwato zikitazama chini, na pua imelala juu ya magoti.

Tuliona mguu mmoja na pua. Dakika ya tano, mguu mmoja. Dakika ya kumi, mguu ule ule, na punda anasukuma akigumia.

Nilimpigia simu mtu wa zahanati, naye akasema anatoka, lakini alikuwa Shela. Akauliza wa pili uko wapi. Ami aliosha mkono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, akapeleka vidole taratibu, akasema uko nyuma kidogo, kiwiko cha mtoto kimekwama kwenye mfupa wa mama. Sauti ya simuni ikasema: msivute, mwinueni, atembee hatua chache, mtoto arudi ndani kidogo. Naliona ni jambo la ajabu kumrudisha mtoto tunayemtaka atoke. Tukamwinua. Alitembea hatua sita akitetemeka, akalala tena, safari hii kwa ubavu wa pili, na kwa msukumo uliofuata kwato mbili zilikuwa mbele yetu. Katika dakika ya 24 mtoto alikuwa juu ya majani, mweusi kwa maji, masikio marefu yamelala mgongoni.

Ami hakuruhusu kamba ya kitovu ikatwe. Ilikatika yenyewe mama alipoinuka, nasi tukakichovya kitovu katika iodini. Baada ya hapo tulitoka nje sote, tukatazama kwa upenyo wa mlango. Mtoto alijaribu kusimama akaanguka, mara nne, mara tano. Mwanangu wa kiume akataka kwenda kumwinua, akazuiwa. Kabla ya saa moja kwisha alisimama. Akanyonya ukuta, akanyonya goti la mama yake, kisha akakipata kiwele. Hapo ndipo mama watoto alipoiweka saa chini, kwa kuwa mtoto wa binadamu huzaliwa na sehemu ya kinga aliyoipata tumboni, lakini wa punda hupata yake yote katika dang'a, na utumbo wake huipokea katika saa za mwanzo tu. Ikipita siku moja mlango umefungwa.

Kondo lilitoka saa nane u nusu. Zahanati walikuwa wametuonya kwamba likikaa zaidi ya saa tatu tumwite tabibu mara moja. Yule mtu wa Shela, aliyefika wakati huo, alilitandaza juu ya mchanga kama suruali, akazitazama ncha za miguu yote miwili kwa taa, kwani kipande kidogo kikibaki ndani humletea mama homa na kwato zake zikawaka moto. Lilikuwa zima. Alikunywa chai nasi, akaenda zake alfajiri.

Siku ya saba dume la jirani lilianza kulia mlangoni, kwani punda jike hurudi katika joto mapema mno baada ya kuzaa, na tulilazimika kutia komeo la pili. Shogi ilibaki ukutani mpaka mtoto alipotimiza miezi mitatu. Siku tuliyoishusha, panya walikuwa wametoboa upande mmoja, ikabidi ishonwe kwanza.