Mlio wa Honda Sabini

Neno pikipiki halikuzaliwa kamusini. Lilizaliwa barabarani, katika sikio la mtu aliyeisikia injini ndogo ikipita akaipa jina la sauti yake. Wengine walisikia vingine, wakaiita tukutuku. Chombo hiki kimeingia katika Kiswahili kwa mlango wa tanakali za sauti, nami leo naomba tuingie kwa mlango huohuo katika injini yake.

Ninayo Honda C70, yenye injini ya sentimita za ujazo 72. Niliinunua mwaka 1989 kwa bwana shamba mmoja aliyekuwa akihama, wakati huo nikiwa mwalimu kijana niliyetoka Chuo cha Ualimu Butimba. Ni ya ukoo wa Super Cub, ulioanza Japani mwaka 1958 na kufikisha pikipiki milioni 100 mwaka 2017. Haina mkono wa klachi, gia zake ni tatu, na umeme wake ni wa volti 6. Imenifikisha Magu na Misungwi, na kwa kivuko imenifikisha Sengerema. Hapa Mwanza nimeshauriwa mara nyingi niing'oe injini hiyo nifunge mpya ya Kichina. Sijakubali.

Hata hivyo, miaka miwili iliyopita daktari wa masikio alinieleza kwamba sauti nyembamba zinaniponyoka. Mngurumo ninausikia vizuri, lakini sauti za juu hazinifikii. Kwa mtu mwenye injini ya zamani hilo si jambo dogo, kwa kuwa valvu huzungumza kwa sauti nyembamba.

Kuiweka sawa injini hii kuna utaratibu wake. Kwanza ni valvu, injini ikiwa baridi: nafasi yake ni milimita 0.05, ambayo ni wembamba wa unywele. Pili ni pointi, vile vyuma viwili vinavyokata umeme ili cheche iruke. Nafasi yake ni milimita 0.3 hadi 0.4, na zianze kuachana pale alama ya F inapolingana na alama ya kwenye injini. Tatu ni plagi, milimita 0.6 hadi 0.7. Kabureta huja mwisho. Anayeanza na kabureta hufanana na mshairi anayepamba vina kabla ya kuhesabu mizani: atahangaika na urembo ilhali mshororo wenyewe unachechemea.

Vipimo hivyo navimudu bado, maana macho na vidole havijanikimbia. Lakini vipimo havimalizi kazi. Baada yake injini huwashwa, ikasikilizwa, na hapo ndipo ninapomhitaji kijana mmoja, fundi wa Igoma, anayenijia jioni baada ya kufunga kibanda chake.

Siku ya kwanza aliniamkia, akainama, akasikiliza. "Mwalimu, ina kelele," akasema.

"Kelele gani, mwanangu?"

"Kelele tu, Mwalimu."

Jibu hilo halikunisaidia kitu. Nikamwomba aniigie mlio kwa mdomo, kisha auhesabu. Akacheka kwanza, halafu akajaribu: "Ti, ti, ti, huku juu kichwani. Na chini kuna du-du-du ya injini yenyewe. Hiyo ti inakwenda sambamba na du."

Hapo nikaelewa. Katika injini ya mipigo minne valvu hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Mgongo unaokuja kila mzunguko ungetutia hofu ya pistoni au mkono wake; unaokuja nusu ya hapo hutoka juu, kwenye valvu. Tukaifungua, tukakuta valvu moja imelegea. Tukaipima upya, na ti ikapotea.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukitunga msamiati wetu. "Pwa!" kwenye ekzosi akiachia mafuta ghafla: mara nyingi petroli ni chache kuliko hewa, au ekzosi inavuja kwenye maungio. "Bu-bu-bu" nzito yenye moshi mweusi: petroli imezidi. Hili la pili lina sababu ya kijiografia pia, kwani uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na kabureta iliyowekwa sawa Tanga hufika Mwanza ikiwa na petroli nyingi mno kwa hewa inayoivuta.

Jambo moja lilimshangaza kijana: kwamba ukimya nao ni mlio wa kusikilizwa. Valvu iliyobanwa kupita kiasi haigongi hata kidogo. Huwa kimya jii, lakini haifungi barabara, mgandamizo unapungua, na hatimaye inaungua. Mafundi wetu huiita ngurumo ya injini isiyokwenda "sailensi", yaani kimya, jina ambalo kwa mshairi ni kinaya kitamu, kwa sababu hapo ndipo penye mengi ya kusikia.

Darasani nilifundisha tanakali za sauti kwa mifano ya vitabuni: kuanguka pu, kutumbukia chubwi. Wanafunzi walizikariri kwa ajili ya mtihani, wengi wakiziona kama mapambo. Leo naziona kama vifaa vya kazi, sawa na spana. Kijana ana masikio, nami nina miaka zaidi ya thelathini na injini moja. Kinachotuunganisha ni hizo ti, du na pwa. Bila maneno hayo, ninachokijua kingebaki kwangu, na anachokisikia kingebaki kwake.

Basi nawaomba wasomaji mtuandikie majina ya milio mnayoyasikia kwa mafundi wa kwenu: wa pikipiki, wa mitumbwi ya injini, wa vyerehani na wa mashine za kusaga. Nami natanguliza ubeti huu:

Sikio likichakaa, ulimi ushike kazi,
Injini inapolia, itaje kwa neno wazi,
Kijana anasikia, mzee ni mwelekezi,
Maneno yakipotea, hupotea na ujuzi.