Kabla Hujanunua Lithiamu

Leicester, Septemba

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na picha za gari pia. Mmepata gari zuri, Mungu awape kulitumia kwa afya. Nimeona nikujibu kwa barua badala ya simu, maana uliyoyauliza yanataka kusomwa mara mbili, na namjua mkwe wangu, atataka kuona tarakimu.

Unauliza kama mtoe zile betri mbili kavu za sehemu ya kulala muweke lithiamu, kabla hamjaenda Highlands likizo ya Oktoba na tena Februari. Wekeni. Ila betri yenyewe ndiyo kazi nyepesi. Kichwa kinauma kwenye vile vinavyoichaji. Mkwe wangu anasema kwao Tanga wamefunga lithiamu kwa ajili ya umeme unapokatika na haijawahi kuwasumbua. Namsadiki. Lakini Tanga hakuna asubuhi yenye barafu kwenye kioo, na betri ile ya ukutani haijawahi kuchajiwa na altaneta. Ninyi mtakutana na yote mawili.

Tuanze na hesabu. Friji yenu ni ya kompresa, tuipe amperi-saa 40 kwa siku. Hita inakula dizeli, lakini feni yake na ile plagi ya kuwashia zinakula umeme. Kwa usiku wa baridi weka 20. Taa, pampu ya maji, simu na kompyuta, 20 nyingine. Jumla 80 kwa siku. Betri zenu za sasa zimeandikwa 100 kila moja, lakini betri ya asidi kama hizi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaikata maisha, kwa hiyo mlichonacho hasa ni 100. Siku moja na saa chache. Lithiamu ya 200 itawapa 160 bila kuumia, yaani siku mbili bila kugusa ufunguo wa gari. Tena ni nyepesi: betri kavu ya 100 ina kilo 28 hivi, ya lithiamu kama 12. Usiidharau tofauti hiyo. Leseni yako ya daraja B inaishia kwenye gari la kilo 3,500, na humo ndani wamo watoto, maji, gesi na masufuria yako yote. Nakujua kwa masufuria.

Ingekuwa mnalala kambini penye soketi ya umeme kila usiku, ningekwambia hizo fedha mkanunulie matairi.

Muuzaji akitaja lithiamu, muulize ni lithiamu ya namna gani. Unayoitaka ni ya chuma na fosfeti, ile inayoandikwa LiFePO4. Ilitoka kwenye maabara ya John Goodenough kule Texas miaka ya 1990. Yule mzee aliyepata Nobel ya kemia mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili, akiwa na miaka 97. Haibebi umeme mwingi kwa kilo kama betri ya simu, lakini haishiki moto kirahisi kama hiyo, na watoto wenu watalala juu yake.

Sasa baridi. Betri hii inaweza kutoa umeme hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kupokea ndiyo shida. Ukiichaji ikiwa chini ya nyuzijoto 0, lithiamu inashindwa kuingia ndani ya grafiti na inaganda juu yake kama utando wa madini. Hautoki tena. Kila ukirudia, betri inapungua, na mwisho inaweza kupiga shoti humo humo ndani. Hakuna moshi wala harufu ya kukuonya. Betri nzuri ina saketi ya ulinzi inayokata chaji baridi ikifika hapo. Za bei ya kutupa nyingine hukata tu volti ikizidi au ikipungua, baridi haziijui kabisa. Mtakeni muuzaji aandike kwamba saketi inazuia kuchaji chini ya sifuri. Mkiweza, chukueni yenye kipasha joto ndani. Kwa safari ya Februari kule juu, mimi ningelipia. Na ifungwe ndani ya gari, chini ya kiti, hita ilipo. Lile sanduku la nje chini ya sakafu waachieni buti na kamba.

La pili ni altaneta, na hapa ndipo matangazo yanapowadanganya watu: eti toa ya zamani, weka mpya, ondoka. Betri ya asidi ikianza kujaa inakataa umeme yenyewe, altaneta inapumua. Lithiamu haina adabu hiyo. Inavuta kila inachopewa mpaka inakaribia kujaa, na injini ikiwa inanguruma taratibu kwenye foleni, feni ya altaneta haina upepo wa kutosha kuipoza. Nimezifungua altaneta za namna hiyo: koili nyeusi, daiodi zimekufa. Halafu gari lenu ni la Euro 6. Altaneta yake inashusha volti kila kompyuta ya gari inapotaka kuokoa mafuta, kwa hiyo kwa relei ya zamani ya kuunganisha betri na altaneta, betri ama itavuta kupita kiasi ama haitajaa. Dawa ni moja: ondoeni ile relei, mfunge chaja ya betri kwa betri, ya amperi 30. Hiyo haitachukua zaidi ya kipimo chake, na itapandisha volti hadi 14.4 hata altaneta ikilegea. Mwendo wa saa tatu unarudisha matumizi ya siku nzima. Betri ya kuwashia injini iacheni ya asidi kama ilivyo.

Chaja ya umeme wa kambini na kidhibiti cha sola navyo viwekwe kwenye mpango wa lithiamu. Zile chaja zenye hatua ya kusafisha betri kwa volti 15 na zaidi, zizimwe hatua hiyo au zibadilishwe. Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya, maana lithiamu ikipiga shoti inamwaga mamia ya amperi mara moja, na waya mwembamba unawaka kabla hujainuka kitini.

Msiamini mita ya volti ukutani. Itasoma 13.2 asubuhi na 13.1 jioni, wakati nusu ya betri imekwisha. Nunueni mita yenye shanti, inayohesabu amperi zinazoingia na kutoka.

Paneli yenu ya wati 200 ni nzuri mwezi wa Juni. Inverness mwezi wa Desemba mchana una urefu wa saa 6 na nusu tu, jua limelala kwenye vilima, msiitegemee. Birika la umeme nalo lisahauni. Wati 2,000 ni karibu amperi 170 kwenye volti 12, na saketi ya betri nyingi za 100 inakata ikivuka 100. Chai chemsheni kwa gesi.

Mkirudi, betri ikae nusu, msiiache imejaa miezi mitatu wala tupu. Bima nao waambieni kwa maandishi kwamba mmebadilisha mfumo. Na kulala porini, kumbuka sheria ya ardhi ya Scotland ya 2003 inampa haki mtu wa miguu na hema lake. Mwenye gari hayumo.

Mkwe wangu asikate waya wowote kwanza. Mlete gari Jumamosi mnayoweza, na kitabu chake na karatasi ya uzito. Nataka nipime waya unaotoka kwenye altaneta kabla hamjaagiza chaja.

Wabusu watoto. Shangazi yako anauliza kama bado hawali samaki.

Mjomba wako