Daftari la Boriti

Jamaa zangu wa ukoo wetu, mlioko Mombasa, Maskati, Dubai na kwingineko:

Wengi wenu mnalijua, walau kwa kusikia, daftari la babu yetu lenye jalada la ngozi. Limo mikononi mwangu tangu marehemu baba alipofariki, na sharti lake lilikuwa moja tu: lisitoke nyumbani. Leo nakiri kwamba nimelitoa. Nimesafiri nalo hadi Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, nanyi mna haki ya kujua sababu.

Kitinda mimba wangu anasomea shahada ya pili mjini humo. Vyuo vikuu viwili vya Brussels, kimoja cha lugha ya Kifaransa na kingine cha Kiholanzi, vina wataalamu wa mikoko ambao kwa miaka mingi wamefanya utafiti Gazi, kusini mwa Mombasa. Basi binti aliyezaliwa Mombasa akaenda Ulaya, kisha akarudishwa pwani kusomea matope ya kwao. Nilicheka aliponieleza.

Alikaa Gazi miezi miwili, akipima unene wa miti na kuwahoji wazee. Walimsimulia kwamba katika miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kwa ajili ya kuni za viwanda vya chokaa na matofali, hata sehemu za ufuo zikabaki tupu. Upandaji ulianza 1991. Tangu 2013, chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, wanakijiji wanalinda hekta 117, nao hulipwa na watu wa mbali kwa ajili ya hewa ya ukaa inayofungwa ndani ya miti na matope. Fedha hizo zimewasaidia kwa maji na mahitaji ya shule.

Aliporejea Brussels alinipigia simu. "Masalkheri, baba. Lile daftari la babu yako limeandikwa nini hasa?"

Nilijua anachokitafuta, nami nikakwepa. Ninyi mnafahamu jinsi tunavyojisimulia: majahazi yaliletwa na kaskazi pamoja na tende na chumvi, yakaondoka na kusi, na babu akasifika kwa uaminifu wake kuanzia Lamu hadi Sur. Shehena tunaitaja kwa haraka. Shehena ilikuwa mikoko. Fito, pau, boriti, nguzo na banaa, zikihesabiwa kwa korja, na korja ni miti 20. Katika miji ya Ghuba, ambako miti ya kujengea ni haba, dari zililazwa juu ya boriti za pwani yetu, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Nyumba yetu ya Mji wa Kale, mahari ya shangazi zetu, na hata masomo yangu ya Kiarabu, vyote vilitoka katika korja hizo. Niliogopa binti yangu asije akamwandika babu miongoni mwa waharibifu.

Hata hivyo nilipokwenda kumtembelea, nililitia daftari mkobani. Siku ya pili alinipeleka katika barabara iitwayo Boulevard Anspach. Akaniambia kwamba hapo ulipita mto Senne. Kwa sababu ya uchafu, mafuriko na kipindupindu, wakuu wa mji waliufunika kati ya 1867 na 1871, wakajenga barabara pana juu yake. Baadaye mto ulielekezwa kwingine, na mapango yake sasa yanapitisha tramu. Miaka ya karibuni, nje ya katikati ya mji, sehemu chache za mto zimeanza kufunuliwa.

"Anayetaka kuufunua, baba," akasema, "huanza na ramani za waliofunika."

Usiku ule nikalifungua daftari mezani pake. Yeye hawezi kulisoma, kwani ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tena mwandiko wa haraka usio na nukta. Nikasoma, akaandika, kwa siku tatu. Kurasa za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zimejaa banaa na nguzo. Za mwanzo wa miaka ya 1950 ni boriti na pau tupu. Na pembeni mwa ukurasa mmoja babu ameandika: miti minene imekwenda mbali, jahazi huingia hori la ndani zaidi.

Nilinyamaza. Babu aliona. Aliliandika, kisha akaendelea kupakia, maana alikuwa na watoto wa kulisha na hakuwa na kazi nyingine.

Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje, 1982, mimi nilikuwa karani mchanga bandarini. Nakumbuka nilivyolalamika kuwa tumedhulumiwa. Hakuna aliyekuwa amenisomea pembe ile ya ukurasa.

Sote tulifundishwa chuoni kwamba mirathi haigawanywi kabla ya deni la marehemu kulipwa. Sisi tuligawana nyumba na sifa, deni hatukuliuliza. Sisemi babu alitenda dhambi. Nasema ameacha hesabu, na mwenye kuifunga ni mrithi. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Binti yangu anaomba ruhusa ya kutumia hesabu hizo katika tasnifu yake. Mimi nimeridhia, lakini daftari ni la ukoo mzima. Nimemwambia jina la babu asiliandike mpaka niwasikie. Na kama kuna aliyebaki na daftari la mzee mwingine, hata lililoliwa na mchwa, naomba aniletee picha za kurasa zake. Nitazisoma maadamu macho yangu bado yanafaa, kwani baada yetu sijui nani atauweza mwandiko ule.

Letu limekwisharudi sandukuni. Nangoja jawabu zenu.