Parokia ya Sackville: Mipaka ya Kale na Swali la Nani Anayesikilizwa

Neno parokia likitajwa, wengi wetu hulifikiria kanisa na padri wake. Katika jimbo la New Brunswick, mashariki mwa Kanada, neno hilo lina maana nyingine pia. Huko parokia ni kipande cha ardhi kilichopimwa na kutangazwa kwa sheria ya nchi, kidogo kuliko kaunti, na mkazi wake huhesabiwa humo awe wa dini yoyote au asiwe na dini. Waingereza waliichukua ramani ya kanisa lao wakaigeuza kuwa ramani ya serikali. Majirani zetu wa Uganda nao wamerithi neno hilohilo kwa ngazi ya utawala iliyo chini ya kaunti ndogo.

Katika makala haya tunawapeleka wasomaji wetu kwenye parokia mojawapo, Sackville, iliyomo katika Kaunti ya Westmorland. Tumeichagua kwa sababu historia yake inajibu swali linaloihusu kila familia inayoishi mbali na makao makuu: barabara ikiharibika, shule ikikosa mwalimu, au maji ya bahari yakivunja tuta, ni nani mwenye mamlaka ya kuamua, na je, anatufahamu?

Kutoka mji wa Moncton, barabara kuu inayovuka Kanada huelekea kusini-mashariki kwa kiasi cha kilomita 50 hadi Sackville. Vilima vyenye misitu hukoma, na mbele ya macho hutandaa uwanda wa kinamasi cha Tantramar, tambarare iliyojaa nyasi, mifereji na ndege. Jina hilo limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kelele nyingi, na husemwa kuwa kelele hizo zilikuwa za makundi ya ndege wa majini. Upande wa kusini ni maji ya Ghuba ya Fundy, yenye kupwa na kujaa kukubwa kuliko kote duniani. Katika tawi hili la ghuba, tofauti baina ya maji kupwa na maji ya bamvua hupindukia mita 10. Magharibi parokia imepakana na Dorchester, na mashariki na parokia ya Westmorland, ambayo nayo inagusa jimbo la Nova Scotia.

Kabla ya mipaka hiyo palikuwa na mipaka mingine. Watu wa taifa la Mi'kmaq waliigawa nchi yao katika wilaya, na sehemu hii ilikuwa ndani ya wilaya ya Siknikt. Jina hilo bado linasikika katika Chignecto, shingo ya nchi inayoiunganisha Nova Scotia na bara.

Katika miaka ya 1670 walifika wakulima wa Kifaransa waliokuja kujulikana kama Waakadia. Hawakujishughulisha sana na kufyeka misitu. Waliikomboa ardhi kutoka baharini. Walijenga matuta ya udongo na nyasi, na chini ya kila tuta wakalaza mfereji wa mbao wenye mlango unaofunguka upande mmoja tu. Maji yakipwa, mlango hufunguka na maji ya mvua hutoka. Maji yakijaa, bahari yenyewe husukuma mlango na kuufunga. Baada ya miaka michache mvua huiosha chumvi, na ardhi ikawa shamba lenye rutuba. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Tuta la jirani likibomoka, shamba lako nalo huingia chumvi. Kwa hiyo ilibidi watu wakutane, wapatane na kugawana zamu. Twaweza kusema kwamba utawala wa kwanza wa wakulima wa mahali hapa ulizaliwa juu ya tuta.

Msiba wao ukaja kupitia mpaka. Kwa mkataba wa mwaka 1713, Ufaransa iliikabidhi Uingereza nchi ya Akadia, lakini pande hizo mbili hazikukubaliana nchi hiyo iliishia wapi. Mto mdogo wa Missaguash ukawa mstari baina yao. Waingereza wakajenga ngome upande mmoja mwaka 1750, na Wafaransa wakaanza yao, Beauséjour, upande wa pili mwaka 1751. Mwezi Juni 1755 Beauséjour ilianguka, na miezi michache baadaye Waakadia wakaanza kukamatwa na kupakiwa merikebuni, familia kwa familia, na kutawanywa katika makoloni ya mbali. Nyumba zao zilichomwa moto. Baadhi yao walirudi miaka ya baadaye na kukaa jirani, katika bonde la Memramcook, huku mashamba yao ya zamani yakiwa mikononi mwa wengine.

Wengine hao walikuwa walowezi kutoka New England, waliofika katika miaka ya 1760, na wakulima kutoka Yorkshire, Uingereza, waliofika kati ya mwaka 1772 na 1775. Baada ya vita vya uhuru wa Marekani, watu waliobaki watiifu kwa Mfalme wa Uingereza walikimbilia kaskazini kwa maelfu, na mwaka 1784 New Brunswick ikakatwa kutoka Nova Scotia ili iwe koloni lenye serikali yake. Mto Missaguash ukarudi kuwa mpaka, na hadi leo ni sehemu ya mstari unaotenganisha majimbo hayo mawili. Mwaka 1786 sheria ilizigawa kaunti za koloni jipya katika parokia, na Sackville ikawa miongoni mwa zile za mwanzo. Leo jimbo lina kaunti 15 na parokia zaidi ya 150.

Parokia hiyo iliongozwaje? Hapakuwa na diwani wala kura. Mahakimu wa amani, walioteuliwa na gavana, walikutana kwa ngazi ya kaunti na kuwateua watumishi wa kila parokia: msimamizi wa barabara, mkaguzi wa nyua, mlinzi wa zizi la mifugo iliyopotea, askari, na mwangalizi wa maskini. Matuta nayo yalikuwa na makamishna wake.

Kazi ya mwangalizi wa maskini inafaa kuangaliwa kwa makini, maana ndiyo inayoonyesha uzuri na ubaya wa utaratibu ule. Kila parokia iliwajibika kuwalisha mafukara wake yenyewe. Huo ni wajibu mwema. Lakini uliposimama juu ya mfuko mdogo wa walipakodi wachache, uliweza kugeuka kuwa dhuluma. Katika baadhi ya parokia za New Brunswick, wajane, wazee na wagonjwa walipigwa mnada hadharani, na aliyekubali kuwatunza kwa malipo madogo kuliko wote ndiye aliyekabidhiwa. Desturi hiyo iliendelea hadi mwishoni mwa karne ya 19.

Mwaka 1877 sheria ilizitaka kaunti zote ziwe na mabaraza ya kuchaguliwa, na wakazi wa parokia wakaanza kuwapeleka madiwani wao kwenye baraza la kaunti. Mwaka 1903 mji wa Sackville ulipata halmashauri yake, lakini vijiji vya mashambani vilibaki chini ya kaunti. Hapo sauti ilikuwapo, ila fedha haikuwapo. Shule na huduma za maskini zilitegemea kodi ya mali ya mahali husika, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa katika kaunti fukara alipata shule fukara.

Aliyeuvunja utaratibu huo alikuwa Louis Robichaud, Muakadia wa kwanza kuchaguliwa na wapigakura kuwa kiongozi wa serikali ya jimbo, mwaka 1960. Alitoka Kaunti ya Kent, jirani na Westmorland. Katika mpango wake wa fursa sawa, serikali ya jimbo ilichukua jukumu la elimu, afya, ustawi wa jamii na mahakama. Wilaya za shule 422 zilipunguzwa hadi 33. Tarehe 1 Januari 1967 mabaraza ya kaunti yakafutwa.

Haki ilipatikana, lakini ilikuwa na gharama yake. Nje ya miji, maeneo ya mashambani yaligeuzwa kuwa wilaya za huduma zisizo na meya wala diwani. Wakazi waliweza kuchagua kamati ya ushauri, na ushauri si amri. Uamuzi ulikuwa wa waziri aliyeko Fredericton, makao makuu ya jimbo. Kwa zaidi ya nusu karne, takriban asilimia 30 ya watu wa New Brunswick waliishi hivyo. Wengi wao hawakulalamika, kwa kuwa kodi yao ilikuwa ndogo kuliko ya mjini.

Mageuzi yalikuja tarehe 1 Januari 2023. Vitengo zaidi ya 300 vya utawala wa mahali viliunganishwa vikawa takriban 90. Mji wa Sackville, kijiji cha Dorchester na mashamba jirani vikafanywa halmashauri moja iitwayo Tantramar. Maeneo ambayo hayakuingizwa katika halmashauri yoyote yaliwekwa katika wilaya za vijijini, ambazo bado zina kamati za ushauri tu. Mkulima aliyeingia Tantramar sasa ana diwani wa kumwuliza. Pamoja na hayo, wako wenye hofu kwamba kodi itapanda huku kura zao chache zikimezwa na kura za mjini. Hofu hiyo si ya kubezwa. Kuwa na kura ni jambo moja, na kusikilizwa ni jambo jingine.

Parokia yenyewe haikufutwa. Haina ofisi wala bajeti, lakini bado imo katika sheria ya mipaka ya jimbo, bado hutumika katika sensa, na jina lake bado huandikwa kwenye hati za ardhi. Mipaka ya karatasi imeishi muda mrefu kuliko mamlaka zilizoichora.

Na bahari haijaacha kuuliza swali lake la kale. Mwezi Oktoba 1869 dhoruba kubwa ilipita juu ya matuta na kuifunika nchi hii. Sasa kina cha bahari kinaongezeka, na nyuma ya matuta hayo imepita reli pamoja na barabara kuu inayoiunganisha Nova Scotia na Kanada nzima. Makadirio ya kuyaimarisha ni dola za Kanada milioni 650, fedha ambazo hakuna parokia wala halmashauri ya mashambani inayoweza kuzitoa. Hapo serikali kuu haina budi kubeba mzigo. Lakini anayejua tuta linavujia wapi ni yule alimaye nyuma yake. Historia ya Sackville inatuonyesha nyakati mbili za upungufu: ya kwanza, watu walipokuwa na baraza lao bila uwezo, ya pili, walipopewa huduma bila baraza. Uongozi ulio mwema ni ule unaompa mwananchi vyote viwili.