Mahali pa Kuzeekea kwa Wapendao Theluji

Wasomaji wetu wengi wameiona theluji kwa mbali, maana kilele cha Kibo huonekana hata na mtu aliyesimama Moshi akisubiri basi. Walakini ni wachache waliopata kusikia habari za watu waipendao theluji hata wakataka kuzeeka ndani yake. Habari hizo ndizo tuwaandikiazo mwezi huu, kwa kuwa mwezi wa Januari mwaka 2023 tulialikwa Ulaya na wazee wawili tuliojuana nao zamani, tukatembea nao siku kumi na mbili katika nchi ya Uswisi, wao wakitafuta mahali pa kukaa sasa kazi imekwisha.

Wazee hao ni mume na mke, watu wa Württemberg katika Ujerumani, nchi ile ile alikotoka Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, akaandika habari zake, na mabingwa wengine wa London wakakataa kusadiki. Mume alikuwa mwalimu wa ufundi, na mke mwuguzi. Walikaa miaka kadhaa kusini mwa Tanzania, na Kiswahili chao hakijapotea, ingawa Mzee huchanganya ngeli kama alivyozichanganya tangu mwanzo. Mzee alikuwa na miaka 71 wakati ule, na Mama 69. Goti la kuume la Mzee lilikuwa limepasuliwa na kutiwa la chuma; daktari alimpa ruhusa kuteleza tena juu ya theluji, lakini kwa kiasi. Nyumba yao ya kale ina ngazi nyingi, na watoto wamehamia mbali, basi wakaazimu kuiuza. Hapo likazuka neno kati yao: wahamie wapi? Mzee alinena, Zermatt, wala hakutaja pengine. Mama alinyamaza, na kila aliyekaa katika nyumba ile siku mbili atajua ya kuwa Mama akinyamaza hajakubali.

Kwetu mtu akistaafu hurejea kwao, penye makaburi ya wazee wake na shamba alilogawiwa, hata kama mahali penyewe hapana maji. Huko wengi hawana kwao kwa namna hiyo. Mtu aliyefanya kazi mjini miaka arobaini huchagua mahali kwa ajili ya kitu akipendacho: mwingine bahari, mwingine bustani, mwingine mlima. Hatuoni kuwa ni vibaya. Ila ni uchaguzi mzito kuliko wetu, maana hakuna jamaa anayemngoja huko, na akikosea hana wa kumlaumu.

Yafaa tueleze kwanza mchezo wenyewe. Skii ni mbao mbili nyembamba, ndefu karibu sawa na kimo cha mtu, zimepindwa juu kidogo kwenye ncha za mbele. Hufungwa kwenye viatu, na mtu hushika fimbo mbili mikononi. Namna yake ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kushuka mtelemko kwa mbio. Mtu hupandishwa juu kwa kiti au kibanda kinachoning'inia kwenye waya mnene wa chuma, akashuka mwenyewe. Ya pili ni ya bondeni, mahali tambarare, mtu akisukuma mguu huu kisha ule kama atembeaye. Hii ya pili ndiyo aliyoshindana nayo Philip Boit wa Kenya katika michezo ya Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Katika mbio za kilomita 10 alifika wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norway, mshindi wa mbio zile, alikuwa amemngoja mwishoni ili amkumbatie. Twaomba msomaji aishike tofauti hiyo ya namna mbili, maana ndiyo iliyokuja kuamua shauri la wazee wetu.

Tulikwenda Zermatt kwanza, kama alivyotaka Mzee. Gari la petroli halikubaliwi kuingia. Wageni huyaacha magari yao katika kijiji cha Täsch, nao hupanda treni mpaka juu, na ndani ya mji hutumika vigari vidogo vya umeme visivyo na kelele wala moshi. Mji uko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, na mbele yake umesimama Matterhorn, mita 4,478, mlima wenye ncha kama mkuki. Mwingereza Edward Whymper na wenzake sita walifika kileleni mara ya kwanza mwaka 1865, na wanne kati ya hao saba walianguka wakafa wakati wa kushuka. Kwa waya mtu aweza kupandishwa mpaka Klein Matterhorn, mita 3,883, na huko kuna barafu ya daima, hata watu huteleza wakati wa kiangazi pia. Mzee alitueleza hayo yote kama mtu asifuye shamba lake. Macho yake yalikuwa ya kijana. Tulipomwona akishuka mtelemko wa asubuhi, pole pole, akipinda huku na huku bila kuinua mkono, tulielewa kwa nini mtu mzima aweza kuuza nyumba yake kwa ajili ya jambo hili.

Walakini Mama alikuwa akiuliza maswali madukani na katika vituo vya treni. Akapata kujua ya kuwa hospitali kubwa iko Visp, bondeni, mwendo wa treni wa zaidi ya saa nzima. Madaktari wapo mjini, na ndege za helikopta za kuokoa watu zipo. Lakini mwezi wa Januari mwaka 2018 theluji ilianguka nyingi mno, barabara na reli zikafungwa kwa hatari ya maporomoko, na wageni wapatao 13,000 wakakwama huko juu. Kijana mwenye afya hulihesabu jambo hilo kuwa likizo ya nyongeza. Mwenye ugonjwa wa moyo hahesabu hivyo. Hata barafu ile ya daima haikuwa ya kutumainiwa sana: katika joto kali la mwezi wa Julai 2022 walilazimika kusimamisha mchezo wa kiangazi. Na nyumba ni chache. Mwaka 2012 wananchi wa Uswisi walipiga kura ya kuwa katika kila wilaya ndogo nyumba za wageni wasioishi humo mwaka mzima zisipite asilimia 20, ili wenyeji wasikose pa kukaa. Twaona kura ile ilikuwa ya haki. Ila haikuzipunguza bei za nyumba kwa mtu atafutaye vyumba viwili.

Jioni ya siku ya tatu, wakila supu, Mama alimwomba Mzee kile kitabu chake kidogo cha mfukoni. Mzee ana desturi ya kuandika kila siku aliyoteleza, mahali, na hali ya theluji. Mama akahesabu za mwaka uliopita kwa kidole, akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nasi tusikie: “Siku thelathini na moja. Mwaka una siku mia tatu sitini na tano. Hizi mia tatu thelathini na nne zilizobaki, tutakaa na nani?” Mzee hakujibu. Akatugeukia: “Mwalimu, wewe waonaje?” Tukajibu ya kuwa mgeni haamui shauri la wenye nyumba. Lakini moyoni tulikwisha kuona ya kuwa swali la Mama ndilo swali lenyewe.

Kesho yake tulipanda treni kuelekea mashariki. Njia hiyo hupita mlima wa Oberalp, mita 2,033, kisha hushuka mpaka Chur. Mwaka ule siku za kwanza za Januari zilikuwa na joto lisilo la kawaida katika Ulaya, na vijiji vingi vya chini vilifunga mitelemko yao. Katika mabonde ya chini tuliona majani mabichi kama ya masika, na katikati yake utepe mweupe wa theluji iliyotengenezwa kwa mashine, na watu wachache wakishuka juu yake. Mzee alitazama dirishani muda mrefu. Kijiji kimoja hapo ndipo alipojifunza skii na baba yake. Kwa hiyo mtu achaguaye leo mahali pa kukaa miaka ishirini ijayo hana budi kutazama kimo cha mahali, asiende chini mno. Lakini akienda juu mno hewa ni haba, na daktari yu mbali. Kati ya hayo mawili nafasi ni nyembamba.

Katika nafasi hiyo ndipo ulipo mji wa Davos, mita 1,560, wenye wakazi kama 11,000. Hatukuupenda kwa sura. Nyumba zake nyingi zina mapaa bapa kama masanduku, wala hauna mlima wa kuandikwa katika picha. Lakini mji huu ulijengwa kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 1853 alifika huko daktari Alexander Spengler, mkimbizi kutoka Ujerumani, akaona ya kuwa wenyeji wa bonde lile ni nadra kupatwa na kifua kikuu. Tangu mwaka 1865 wagonjwa wakaanza kuletwa wakati wa baridi, wapumzike katika hewa kavu na jua. Hivyo nyumba zikajengwa na baraza zielekeazo kusini, njia za kutembelea zikafanywa tambarare ili mwenye pumzi fupi asichoke, na madaktari wakakaa karibu. Dawa za kifua kikuu zilipopatikana baada ya vita vya pili, wagonjwa wakapungua, na nyumba nyingi zikageuzwa hoteli. Lakini njia, baraza na hospitali zimebaki. Mahali palipofanywa pafae mtu dhaifu pamefaa wazee bila kukusudiwa.

Na skii yenyewe huko ina historia. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, alikuja Davos kwa sababu mkewe alikuwa na kifua kikuu. Mwaka 1894 alivuka milima kwa skii mpaka Arosa pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Branger, akaiandika safari hiyo, na Waingereza wengi wakapata hamu. Mwaka 1934 mhandisi Ernst Constam akaweka pale Bolgen mashine ya kamba ya kuvuta watelezaji kupanda mlima. Huko juu, Weissfluhjoch, wataalamu wamekuwa wakipima theluji tangu mwaka 1936, ili wajue siku ya hatari ya maporomoko. Lililompendeza Mama ni mabonde ya kando, Dischma, Sertig na Flüela, yenye njia za skii ya bondeni. Alisema: “Goti likikataa mtelemko, litakubali bonde. Na bonde likikatazwa, kuna njia ya miguu. Na miguu ikikataa, kuna baraza yenye jua.” Tuliona wazee wengi, wengine wana miaka themanini, wakisukumana taratibu katika Dischma, wakisimama kuongea kama watu waliokutana njiani kwenda sokoni.

Davos ina kasoro zake. Kila Januari hufanyika huko mkutano wa wakubwa wa dunia wa mambo ya uchumi. Tulipofika walikuwa wakianza kuweka nyua za chuma na vibanda vya walinzi, na wenye nyumba wakizikodisha kwa bei ambayo hatukuthubutu kuigeuza kuwa shilingi. Baridi ya bonde ni kali asubuhi. Tena mita 1,560 si kimo cha kila moyo. Mama mwenyewe, kwa uuguzi wake, alisema hawahamii kabla daktari hajampima Mzee.

Ndugu mmoja wa Mama alisisitiza wautazame Innsbruck katika Austria, mji wenye wakazi kama 130,000 na hospitali ya chuo kikuu, na waya wa kupanda mlimani karibu na katikati ya mji. Shauri hilo si baya kwa mtu apendaye sinema na masoko. Lakini mji uko mita 574 tu, na Mzee akakumbusha ya kuwa katika Olimpiki ya mwaka 1964 theluji ilipungua huko hata askari wakaibeba kutoka milima ya juu. Hawakwenda.

Kwa habari ya ruhusa, Mjerumani aweza kuhamia Uswisi akiwa na fedha za kumtosha na bima ya ugonjwa. Mtu asiye wa nchi za Umoja wa Ulaya wala za jirani zake zilizopatana hupewa njia nyembamba zaidi: awe ametimiza miaka 55, awe na uhusiano wa kweli na nchi, na asifanye kazi ya mshahara.

Mama alitoa sharti moja kabla ya kununua chochote: warudi mwezi wa Novemba. Novemba ni mwezi mbaya kule milimani. Wageni wa kiangazi wamekwisha kwenda, wa theluji hawajafika, hoteli nyingi zimefungwa, nyaya nyingi zimesimama, na mawingu yamelala chini. Walikwenda wakakaa majuma matatu katika chumba cha kupanga. Baadaye Mama alituandikia ya kuwa mkate ulipatikana kila asubuhi, basi lilipita kwa saa yake, na jirani wa ghorofa ya juu, mjane, aliwagongea mlango siku ya nne akiwa na sahani ya keki, akauliza kama wanajua kucheza karata. Mzee hakuteleza hata siku moja katika majuma hayo. Wamepanga vyumba viwili hapo, ghorofa ya chini, mwendo wa dakika tatu toka kituo cha basi la Dischma. Kwa mwaka mmoja kwanza, si zaidi.