Tulivyosikiliza Vyombo vya Sauti Kisiba

Ndugu msomaji, huenda nawe una kijana nyumbani ambaye kutwa ana nyuzi masikioni, ukimwita haitiki mpaka umguse bega. Basi nivumilie kidogo, maana nataka kukueleza habari za vyombo hivyo, wala si kwa kuvilaumu.

Hapa kwetu Kisiba, wilaya ya Rungwe, wageni wengi huja kutazama ziwa Masoko, lile lililomo katika shimo la volkano. Lakini mwezi wa Mei mwaka huu walikuja wageni wa namna nyingine, watu kama ishirini kutoka Mbeya na Dar es Salaam, wapendao vyombo vya sauti kama wengine wapendavyo mpira. Hukutana siku moja, kila mtu huleta chombo chake, hubadilishana na kusikiliza, kisha hurudi makwao. Hapana kuuza wala kununua. Mmoja wao ni mtoto wa kijiji chetu, naye ndiye aliyewapangia meza katika nyumba ya baba yake.

Nami nilikuwa na sababu ya kwenda. Kikundi chetu cha nyimbo kilikuwa kimeweka akiba ya shilingi 450,000, jasho la misimu miwili ya ndizi na parachichi, na mimi ndimi mtunza hazina. Wengi walitaka tununue spika kubwa ya kukodisha harusini. Wachache tulitaka kunasa nyimbo za bibi yetu mmoja aliyepita miaka themanini, azijuaye nyimbo za zamani za Kinyakyusa, za arusi na za mavuno na za kubembeleza watoto, ambazo sisi twazikumbuka nusunusu tu. Tulikwisha kumnasa mara moja kwa simu, na wenzetu wakasema, “Yatosha hiyo, mwataka nini tena?” Mabishano yalikuwa makali, hata watu wawili walikuwa hawasalimiani. Basi nikatumwa pamoja na akina mama wawili tukasikilize kwanza kabla ya senti moja kutoka. Bibi naye akasema habaki nyuma.

Mezani palikuwa na hedifoni, yaani zile spika ndogo mbili zilizounganishwa kwa upinde wa kuvaa kichwani. Usidhani ni jambo la jana. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja, Nathaniel Baldwin, alizitengeneza jikoni kwake huko Utah, na jeshi la majini la Marekani likazinunua. Mwaka 1937 kampuni ya Beyer ya Ujerumani ikatoa zake, na mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee akauza zile zinazotenga muziki wa kulia na wa kushoto. Tangu hapo bei imekuwa ikipanda kama mlima Rungwe. Mwaka 2009 Wajerumani wa Sennheiser walitoa moja iitwayo HD 800, iliyouzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Hesabu mwenyewe hizo ni ng'ombe wangapi.

Mama mmoja wetu alichomeka hedifoni kubwa katika simu yake, akasikia kama inzi aliye ndani ya chupa. Tukacheka. Kijana mwenye chombo akaeleza ya kuwa baadhi ya hedifoni hizi zina ukinzani wa omu 300, yaani hukataa umeme usipite kwa wingi, na simu haina nguvu ya kuzisukuma. Sharti pawe na amplifaya katikati. Kwa hiyo mtu anunuaye hedifoni ya fahari bila amplifaya amenunua jembe lisilo na mpini.

Jambo lililonifaa kuliko yote ni hila moja ambayo mzee mmoja wa kundi lao alitufunulia. Alitupa hedifoni mbili, wimbo ni ule ule, akauliza ipi nzuri. Sote watatu tukasema ya pili. Akageuza kitufe kidogo tu, akauliza tena, na sote tukasema ya kwanza! Kumbe sikio la mwanadamu huipenda ile yenye sauti kubwa zaidi, hata ikiwa imezidi kwa kiasi kidogo ambacho huwezi kukitambua. Akazisawazisha kwa kipimo, na hapo mama mmoja akachagua ile ya bei ndogo. Nikawaza juu ya wauza spika wa mjini, jinsi wanavyoifungulia kabisa ile wanayotaka uinunue.

Tena msomaji uliye mzazi, shika hesabu hii ya Shirika la Afya Duniani. Sauti ya desibeli 80 mtu aweza kuisikiliza muda wa saa 40 kwa juma. Ikifika 90 ni saa nne tu, maana kila desibeli kumi zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa mara kumi. Shirika hilo lasema vijana zaidi ya bilioni moja wamo katika hatari ya kupunguza usikivu wao. Sikio lililokufa kwa namna hiyo halina dawa ya kulirudisha.

Saa nane mvua ikaja, mvua yetu ya Tukuyu unayoijua, juu ya bati. Hapo mambo yakageuka. Hedifoni za thamani kubwa mezani zilikuwa za namna ya wazi, zenye matundu nyuma ili sauti ipumue. Katika ukimya ni tamu mno, wadhani mwimbaji amesimama mbele yako. Lakini matundu hupitisha pande zote mbili, na mvua ikaingia yote. Wenye ng'ombe wao vichwani wakakaa kungoja. Zile za kufunika sikio zima, zisizo na matundu, za bei ya chini mara kadhaa, ziliendelea na kazi kama kwamba jua linawaka.

Ndipo nikaomba kusikiliza wimbo wa bibi tuliounasa. Msomaji, kwa spika ya simu ulikuwa mzuri. Kwa hedifoni ile niliona aibu. Ngoma, ambayo kwa simu haikusikika kabisa, ilikuwamo, lakini imekanyaga maneno. Na kila bibi alipovuta pumzi, kuku wakapanda juu, kwa maana simu hujiongezea usikivu yenyewe penye ukimya. Katika beti ya tatu nusu ya maneno yamezama. Na ile ndiyo beti ambayo hapana mwingine anayeijua.

Tukamvika bibi. Akasikiliza amefumba macho, kisha akasema, “Huyu si mimi. Huyu ni dada yangu.” Dada yake amekufa miaka mingi. Yule mzee akamweleza kwa heshima ya kuwa mtu aimbapo husikia sauti yake kupitia mifupa ya kichwa pia, kwa hiyo hujisikia mzito kuliko alivyo, na chombo humpa ile sauti waisikiayo wengine. Bibi akasema, “Ndaga fijo, mwanangu,” wala hakuzivua mpaka wimbo ulipokwisha. Akaongeza, “Lakini hao kuku ni wa kwenu, si wangu.”

Mkutano wa kikundi ulikaa hadi usiku. Niliwasikilizisha wote kwa zamu, kwa hedifoni ya kuazima, beti ile ya tatu tu. Tukanunua hedifoni moja ya kufunika, maikrofoni, na kinasa sauti kilichotumika kidogo, na zikabaki shilingi 38,000. Spika ya harusini twaazima kama zamani, na wapo ambao bado wananinung'unikia.

Tangu Juni hata Oktoba tumenasa nyimbo kumi na moja, alfajiri, kuku wakiwa wamefungiwa, ngoma ikiwa imewekwa nyuma mbali na bibi, na mtu mmoja amevaa hedifoni ili asimamishe kazi neno likizama. Bibi asema zimebaki kama ishirini, na mvua za Novemba zimekwisha kuanza.