Herufi Moja na Haki ya Raia

Katika maduka mengi ya hapa Kawe utakuta kibandiko cha QR cha kupokea malipo. Jua limekipausha, kona moja imechanika, na bado simu hukisoma. Siri haimo kwenye kamera, imo katika aljebra ambayo Irving Reed na Gustave Solomon waliichapisha mwaka 1960. Msimbo wa QR, uliobuniwa Japani mwaka 1994, huitumia aljebra hiyo, na katika kiwango chake cha juu huweza kurejesha takriban asilimia 30 ya taarifa iliyoharibika.

Chukua mstari ulionyooka. Nukta mbili zatosha kuuchora, lakini mtumaji hutuma tano: 5, 7, 9, 11, 13. Tukipokea 5, 7, 4, 11, 13, nukta nne zinakubaliana na moja inapinga. Hatuna haja ya kumrudia mtumaji, kwani zile nne zinashuhudia kwamba palikuwa na 9. Kompyuta hufanya vivyo hivyo kwa milinganyo ya polinomiali: hutafuta kosa liko wapi, kisha thamani sahihi ni ipi.

Sasa tazama ofisi zetu. Jirani yangu alirudishwa mara tatu na ofisi moja ya umma kwa kuwa cheti kimoja kilisema Abdalla na kingine Abdallah. Mwaka wa kuzaliwa, jina la mama, kijiji na alama za vidole, vyote vilipatana. Ushahidi wa kusahihisha ulikuwa mezani. Kilichokosekana ni kanuni ya kumruhusu karani kuutumia.

Nitaambiwa kwamba huko ni kuwafungulia mlango waghushi. Hoja hiyo ni nzito, na aljebra yenyewe inaijibu kwa kuweka mpaka. Nukta zetu tano huvumilia kosa moja. Yakiwa mawili, huenda mistari miwili ikapata nukta tatu tatu, na hapo mkweli husema hajui. Tena, nyaraka nne zilizonakiliwa kutoka karatasi moja ni shahidi mmoja, si wanne.

Basi kanuni iandikwe: taarifa ngapi, kutoka vyanzo vingapi visivyotegemeana, zikipatana, karani asahihishe herufi na kutia saini yake. Zikipungua hapo, uchunguzi ufanyike kwa gharama ya ofisi. Leo gharama hiyo huibeba raia, kwa nauli ya daladala na siku za kazi zilizopotea, ilhali kosa lilifanywa na kalamu ya serikali.